MAJUMBA YA KALE YA UINGEREZA NA MADAFTARI YAKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



Tumetakiwa na Halmashauri tuseme machache juu ya majumba ya kale, bustani na mahali pa ukumbusho palipo mashambani mwa Uingereza. Twaishukuru kwa heshima hiyo. Wengi miongoni mwetu wamekwisha kwenda Uingereza kwa masomo au kwa kazi, na wengine watakwenda, inshallah. Lakini walio wengi hurudi na habari za London tu: treni za chini ya ardhi, maduka, baridi na mvua. Nchi yenyewe, yaani vijiji na mashamba yake, hawakuiona. Na mtu akitaka kujua jinsi taifa lile lilivyopata mali, nani aliitumia na nani aliitolea jasho, hawezi kuyajua yote kwa kukaa London. Yampasa apande treni, ashuke katika kituo kidogo, aende akaone jumba moja la kale kwa utulivu.

Maneno yetu yana shabaha moja. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulipozunguka katika majumba yale tuliona kwamba kinyume chake pia ni kweli: mali yenye daftari haifichiki daima. Kuta zilijengwa ili zionyeshe utukufu wa mwenye nyumba. Madaftari yaliandikwa kwa ajili ya hesabu tu, lakini ndiyo yaliyokuja kueleza utukufu ule ulitoka wapi. Kwa kuwa sisi ni watu wa kalamu, jambo hili latugusa kuliko wengine.

JUMBA NI NINI

Neno jumba lisimdanganye msikilizaji akadhani ni nyumba moja kubwa basi. Jumba la mashambani lilikuwa kama mji mdogo. Ndani mlikuwa na kumbi za wageni, maktaba na vyumba vya kulala. Nyuma au chini mlikuwa na jiko, ghala za chakula na chumba cha kufulia. Nje palikuwa na mazizi ya farasi, bustani ya mboga yenye ukuta, mara nyingi kanisa pia, na mbali zaidi mashamba ya wapangaji waliolipa kodi kila mwaka. Kodi hiyo, pamoja na faida ya vyeo, ya biashara na ya makoloni, ndiyo iliyolilisha jumba. Majumba mengi yalikuwa na ngazi mbili: moja pana ya wenye nyumba na wageni wao, na moja nyembamba ya watumishi, ili mtumishi apande na ndoo ya maji ya moto asionekane na mtu.

Mtu aweza kuuliza, ilikuwaje wenye fahari hiyo wakafungua milango kwa kila mwenye tikiti? Sababu kubwa ni gharama. Mwaka 1894 Serikali ya Uingereza iliweka kodi mpya juu ya mali ya marehemu, ikapandishwa mara kwa mara, hata mwaka 1949 ikafika asilimia 80 kwa urithi ulio mkubwa kabisa. Mapato ya mashamba yalikuwa yamepungua, na watumishi walikuwa wamepata kazi nzuri zaidi mijini. Tena vita vya 1914 hadi 1918 viliondoa warithi wengi. Huko Stourhead, katika jimbo la Wiltshire, ipo bustani yenye ziwa na mahekalu madogo ambayo wengi huihesabu kuwa mojawapo ya bustani nzuri kabisa za Uingereza. Mwenyewe, Sir Henry Hoare, alikuwa na mtoto mmoja tu, naye alikufa kwa majeraha ya vita mwaka 1917. Mwaka 1946 mzee huyo aliitoa nyumba na bustani yake iwe mali ya umma.

Si majumba yote yaliyopata bahati hiyo. Mamia yalivunjwa, mawe na mbao zikauzwa. Mwaka 1974 makumbusho ya Victoria and Albert mjini London yalifanya maonyesho juu ya maangamizi hayo, na watu wengi walishtuka kuona picha za majumba yasiyokuwapo tena.

NYUMBA YA PAUNI KUMI

Chama kilichookoa majumba mengi huitwa National Trust, maana yake Amana ya Taifa. Kiliundwa mwaka 1895 na watu watatu. Wa kwanza ni Bibi Octavia Hill, aliyekuwa akisimamia nyumba za maskini London na kuona jinsi watoto wa mitaa ile wanavyokosa hewa na nafasi ya kucheza. Wa pili ni Kasisi Hardwicke Rawnsley, mtu wa nchi ya maziwa kaskazini. Wa tatu twamtaja kwa furaha maalum, kwa sababu alikuwa mwenzetu: Sir Robert Hunter, mtumishi wa Serikali, mwanasheria wa Posta Kuu tangu mwaka 1882.

Kabla ya kuingia Posta, Hunter alikuwa ametetea mahakamani haki ya watu wa kawaida kutembea na kuchunga katika ardhi za wote, zisizingirwe na matajiri. Huko alijifunza jambo moja: watu wema wasio na umbo la kisheria hawawezi kumiliki hata hatua moja ya ardhi, na wakifa nia yao hufa pamoja nao. Ndipo alipotoa shauri kwamba kiwepo chama chenye haki ya kumiliki ardhi kwa niaba ya taifa. Mwaka 1907 Bunge lilipitisha sheria iliyokipa chama uwezo wa kutangaza kwamba mali yake fulani haiuzwi wala haiwekwi rehani. Basi karatasi iliyoandikwa vizuri imelinda mashamba na pwani kuliko ukuta wa mawe.

Nyumba ya kwanza chama kilichoinunua haikuwa jumba hata kidogo. Ni nyumba ya kasisi katika kijiji cha Alfriston, jimbo la Sussex, iliyojengwa katika karne ya 14, nayo ilinunuliwa mwaka 1896 kwa pauni 10. Wanachama, mkifika huko hamtajiona wageni. Nyumba ina nguzo za miti, kuta za fito na udongo, na paa la kuezeka. Sakafu ya ukumbi wake ni ya chaki iliyopondwa na kushindiliwa, kisha ikapakwa maziwa yaliyochacha ili ishikamane. Nani kati yetu hakukulia karibu na sakafu iliyoshindiliwa na kusiribwa kwa mikono ya mama zetu? Hiyo ndiyo nyumba ambayo Waingereza waliona yafaa kuokolewa kwanza. Sisi nyumba zetu za namna hiyo twazibomoa kwa haraka, twaona haya.

Majumba makubwa yalikuja baadaye. Sheria ya mwaka 1937 iliwaruhusu wenye majumba kuyatoa kwa chama pamoja na mali ya kuyatunza, na jamaa zao wakaendelea kukaa humo. Jumba la Blickling, jimbo la Norfolk, ndilo la kwanza kupatikana kwa mpango huo, baada ya kufa kwa mwenyewe, Lord Lothian, mwaka 1940. Leo chama hicho kina wanachama zaidi ya milioni 5, kila mmoja akilipa ada yake ya mwaka. Twawaachia Bwana Mweka Hazina na makatibu wa matawi walitafakari neno hilo, ada ya mwaka.

BUSTANI, NA KIJIJI KILICHOHAMISHWA

Mgeni akiingia katika mbuga ya jumba huona nyasi laini, miti mikubwa iliyosimama kwa makundi, na ziwa lililojikunja mbali kati ya vilima. Husema moyoni kwamba Mungu ameijalia nchi hii. Lakini mara nyingi ni kazi ya majembe. Fundi mkuu wa kazi hiyo alikuwa Lancelot Brown, aliyeishi kati ya 1716 na 1783, mtu wa familia ya kawaida aliyeanza kwa kazi ya bustani, akafika kuwa msimamizi wa bustani za Stowe, kisha mtunza bustani wa Mfalme. Alizuia vijito ili viwe maziwa, akasogeza udongo, akapanda miti ambayo yeye mwenyewe asingeiona ikikomaa.

Tena walikuwa na ufundi wa kuchimba handaki lenye ukuta upande mmoja. Kutoka dirishani handaki halionekani, na nyasi za bustani zaonekana zimeungana na malisho. Walakini ng'ombe na kondoo hawawezi kuvuka. Ni ua lisiloonekana. Twafikiri hakuna mfano unaofaa zaidi kueleza mambo ya majumba yale: mipaka ilikuwapo, ila mwenye kukaa dirishani hakulazimika kuiona.

Mfano mmoja ni Milton Abbas, jimbo la Dorset. Katika karne ya 18 mwenye jumba, Lord Milton, aliona mji mdogo wa zamani uliokuwa karibu na nyumba yake waharibu mandhari. Akawaondoa watu kidogo kidogo, akavunja mji, na katika bonde jingine akajenga kijiji kipya, kilichokamilika karibu na mwaka 1780. Brown alikuwa miongoni mwa walioshauri. Kijiji hicho kipo mpaka leo, nyumba nyeupe za kuezekwa, pacha kwa pacha kando ya njia moja, na wageni hukipiga picha kwa uzuri wake. Anayekipiga picha na akumbuke kwamba kilijengwa ili watu fulani wasionekane kutoka dirisha fulani.

JUMBA LA KARANI

Sasa twaja kwenye jumba linalotuhusu sisi kuliko yote. Laitwa Dyrham Park, kaskazini ya mji wa Bath, magharibi ya Uingereza. Mgeni huteremka bondeni, akaliona jumba la mawe ya rangi ya asali limekaa chini ya vilima. Aliyelijenga hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa karani.

Jina lake William Blathwayt. Alizaliwa karibu na mwaka 1649, wala hakuzaliwa tajiri. Alilelewa na mjomba wake. Alianza kazi katika ubalozi wa Kiingereza huko The Hague, akajifunza Kiholanzi, kisha akaingia katika ofisi ya Halmashauri ya Biashara na Makoloni. Mwaka 1680 alifanywa mkaguzi mkuu wa mapato ya makoloni. Mwaka 1683 alikinunua cheo cha Katibu wa Vita, maana zamani zile vyeo viliuzwa. Mwaka 1686 akawa karani wa Baraza la Mfalme. Charles wa Pili akafa, James wa Pili akapinduliwa, William wa Tatu akaja kutoka Uholanzi. Wafalme walibadilika, Blathwayt akabaki mezani pake. Watu wa siku zake walisema kwamba alijiinua kwa bidii na kwa ustadi wa kazi. Ramani 48 za makoloni zilizokusanywa kwa matumizi ya ofisi yake zimehifadhiwa mpaka leo katika chuo kikuu cha Brown huko Marekani, na barua zake zasomwa na wataalamu wa historia. Kama karani alikuwa hodari. Hatuna budi kukubali.

Mwaka 1686 alimwoa Bibi Mary Wynter, mrithi wa Dyrham, na kati ya mwaka 1692 na 1704 akajenga jumba jipya. Hapo ndipo twaanza kuuliza maswali. Mshahara wa ukaguzi ulitoka katika mapato ya makoloni yenyewe, na mapato ya visiwa vya Barbados na Jamaica yalitoka katika sukari, na sukari ilitoka katika mikono ya Waafrika watumwa. Ngazi za jumba zilijengwa kwa mbao za mjozi mweusi na mwerezi zilizovuka bahari kutoka makoloni ya Amerika, zikapatikana kwa msaada wa maafisa wa huko, watu ambao taarifa na maombi yao yalipita katika ofisi yake. Na miongoni mwa vyombo vya jumba lile vimo viweko viwili vilivyochongwa kwa mfano wa watu weusi waliopiga magoti, wenye minyororo.

Hatusemi kwamba Blathwayt alikuwa mwizi. Katika zama zake karani alikula mshahara, ada na zawadi pamoja, na mpaka kati ya zawadi na hongo haukuwa umeandikwa mahali popote. Huenda hakupata kumwona hata mmoja wa watu wale wa Barbados. Aliwaona katika safu za hesabu tu. Lakini hilo ndilo la kutafakari. Mtu aweza kukaa mezani maisha yake yote, mikono safi, mwandiko mzuri, jumla zimepatana mpaka senti ya mwisho, na chini ya kila jumla iko mijeledi asiyoisikia. Kila mmoja wetu aliyepata kupiga muhuri karatasi bila kuuliza inakwenda kumfanya nini raia, na akisimama chini ya ngazi zile aulize nafsi yake.

JUMBA LA FORODHA

Kaskazini, karibu na mji wa Leeds, liko jumba la Harewood. Ni jumba la fahari kweli: msingi uliwekwa mwaka 1759 na watu wakahamia mwaka 1771, John Carr alilijenga, Robert Adam alipamba vyumba, Thomas Chippendale alitengeneza viti, meza na vitanda, na Brown alichimba ziwa. Aliyelijenga ni Edwin Lascelles, na mali aliirithi kwa baba yake, Henry Lascelles.

Henry naye alikuwa mtumishi wa Serikali. Tangu mwaka 1715 hadi 1730 alikuwa mkusanyaji wa ushuru wa forodha katika bandari ya Bridgetown, kisiwani Barbados. Akiwa amekalia kiti hicho alifanya pia biashara ya sukari na ya watumwa, na akawakopesha fedha wenye mashamba. Alituhumiwa kwamba hesabu za forodha hazikuwa safi, lakini mali yake haikuguswa. Baadaye wadeni wa familia waliposhindwa kulipa, mashamba yao yalichukuliwa, na watu waliokuwa ndani yake wakachukuliwa pamoja na ng'ombe na mitambo.

Mwaka 1833 Bunge lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Kiingereza, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Serikali ikatoa fidia ya pauni milioni 20. Fidia hiyo hawakupewa walioteswa, walipewa waliowamiliki. Walioteswa walilazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa mabwana wale wale mpaka mwaka 1838. Mwenye Harewood wa siku zile alilipwa zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu zaidi ya 1,200. Twajuaje? Twajua kwa sababu makarani wa fidia waliandika kila dai: jina la mdai, shamba, idadi ya watu na kiasi cha fedha. Mwaka 2013 chuo cha University College London kiliyaweka madai hayo kwenye intaneti, ili kila mtu ayasome. Makarani wale hawakukusudia kuwatetea watumwa. Walikusudia kulipa fidia bila makosa. Lakini usahihi wao umekuwa shahidi asiyeweza kunyamazishwa.

Na twasema kwa haki kwamba familia ya Harewood ya siku zetu haikuficha. Mwenye jumba, ambaye ni Earl wa nane, ameeleza hadharani chanzo cha mali ya wazee wake, na jumba lenyewe huwaeleza wageni.

SUSI NA CHUMA KATIKA BUSTANI YA NEWSTEAD

Mtu akidhani kwamba habari hizi ni za Amerika na visiwa vyake peke yake, na aende Newstead Abbey, jimbo la Nottinghamshire. Palikuwa nyumba ya watawa tangu karne ya 12. Uso wa kanisa lao ungali umesimama, mwanga ukipita katika dirisha kubwa lisilo na kioo. Kisha pakawa pa familia ya Byron tangu mwaka 1540, mpaka mshairi Lord Byron alipopauza kwa sababu ya madeni. Mnunuzi, Thomas Wildman, alikuwa na mali iliyotoka katika shamba la miwa la Jamaica. Mwaka 1861 palinunuliwa na Bwana William Frederick Webb, mwindaji aliyekuwa rafiki wa Dk. David Livingstone. Livingstone alikaa humo miezi kadhaa, mwaka 1864 na 1865, akiandika kitabu chake juu ya safari ya mto Zambezi.

Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873. Wenzake Waafrika wakauhifadhi mwili wake na karatasi zake, wakavichukua kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Wakuu wao walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Mwaka huo huo hao wawili waliletwa Uingereza, wakakaa na Kasisi Horace Waller katika kijiji cha Twywell, jimbo la Northamptonshire, ili wamsaidie kuyapanga maandishi ya marehemu: wapi palivukwa mto, nani alikuwa mtemi wa wapi, jina gani ni la mlima na lipi la mtu. Wakaenda pia Newstead. Ipo picha iliyopigwa huko mwaka 1874: Susi na Chuma pamoja na watoto wa Livingstone, Bwana Waller na jamaa ya Webb.

Basi zaidi ya miaka 150 iliyopita watu waliosema Kiswahili walitembea katika bustani ile tuliyoitembelea sisi. Kitabu kilichochapishwa Desemba 1874 kilipewa jina la Livingstone, na mhariri wake ni Waller. Lakini pasipo Susi na Chuma kisingekuwapo cha kuhariri.

Tena yuko mtu wa tatu, ambaye Chama chetu hakipaswi kumsahau. Livingstone alipofariki, Susi na Chuma waliwaita wenzao wote, wakafungua masanduku mbele ya mashahidi, wakamtaka Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, aorodheshe kila kitu kilichokuwamo. Akaandika. Msituni, mbele ya maiti, bila afisa wa kumwamrisha wala wa kumkagua, Mwafrika mmoja alishika kalamu akafanya hesabu ya mali ya mtu mwingine, ili isipotee hata moja. Tunalo jumba la Blathwayt upande mmoja na orodha ya Wainwright upande wa pili. Wainwright hakujenga jumba. Lakini sisi, tukiulizwa ni karani yupi tungependa kufanana naye, twajua la kujibu.

SHAURI LA MWAKA 2020

Septemba 2020 chama cha National Trust kilitoa taarifa iliyotaja mahali 93 penye uhusiano na utumwa au na utawala wa makoloni. Palitokea ugomvi mkubwa. Wengine, hata wabunge, walisema kwamba watu huenda bustanini kupumzika, si kulaumiwa, na kwamba chama kinawavunjia heshima wazee. Wengine walijibu kwamba kueleza si kulaumu. Halmashauri ya Serikali inayosimamia vyama vya hisani ililichunguza jambo hilo, na mwaka 2021 ikasema chama hakikuvunja sheria.

Sisi hatudharau hoja ya wale wa kwanza. Uzuri wa ziwa la Harewood ni uzuri kweli, na mtu mchovu ana haki ya kukaa ukingoni akapumua. Walakini twaona ya kuwa ukweli haukauki ziwa. Mwenye kujua nani alilipia ziwa huliangalia kwa makini zaidi, wala halioni limepungua maji. Na kwetu sisi si jambo la kutafuta aibu ya wengine. Pwani yetu ina majumba ya mawe yenye milango ya nakshi, nayo pia yana hesabu zake za pembe, karafuu na watu. Anayetaka madaftari ya Harewood yafunguliwe na awe tayari kufungua ya Unguja na Bagamoyo.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Kwa wanachama watakaokwenda, twatoa mashauri machache. Kwanza, uliza siku za kufunguliwa kabla ya kusafiri. Majumba mengi hufungwa wakati wa baridi, ingawa bustani huweza kuwa wazi. Pili, kila mwaka mwezi wa Septemba zipo siku ambazo mahali pengi pa kale pa Uingereza hufunguliwa bure. Desturi hiyo ilianza mwaka 1994, nayo yamfaa mwanafunzi mwenye mfuko mwepesi. Tatu, mabasi ya mashambani ni machache, na Jumapili ni machache zaidi. Jua saa ya basi la kurudi kabla hujaingia ndani. Nne, usiguse vitu, ila usiogope kuuliza. Katika vyumba vingi huwamo mzee au bibi wa kujitolea asiyelipwa kitu, naye hufurahi akipata mgeni mwenye maswali. Salimu kwanza, kisha uliza. Tano, usiishie katika ukumbi. Enda jikoni, panda ngazi ya watumishi, kaone chumba cha msimamizi wa hesabu. Na katika kila jumba uliza mambo matatu: nani alijenga, kwa fedha gani, na nani alifanya kazi. Akijibiwa mawili tu, msafiri aandike la tatu katika kitabu chake, alitafute baadaye.

OMBI LETU

Mabibi na Mabwana, hatukuja kuwapendezesha kwa habari za mbali kisha twende zetu. Majumba yale yamedumu kwa sababu ya paa na ada za wanachama, lakini habari zake zimedumu kwa sababu ya makabati ya karatasi. Sisi hapa karatasi zetu ziko wapi? Katika matawi yetu mengi vitabu vya kumbukumbu za mikutano vimeliwa na mchwa, au vimekaa nyumbani kwa katibu aliyestaafu, au viliuzwa kwa mwenye duka wa kufungia karanga. Majina ya waliotangulia, waliochanga senti zao wakakijenga Chama hiki, yanakufa pamoja na wazee.

Kwa hiyo twaleta ombi, nalo twaomba liandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu. Kila tawi liteue watu wawili. Kazi yao ya kwanza iwe kuorodhesha vitabu na karatasi zote za tawi, zilizopo na zilizopotea, na mahali zilipo. Ya pili iwe kuorodhesha nyumba za zamani za mahali pale, kama boma, posta, shule au nyumba ya fito ya mzee mashuhuri, na kuwauliza wazee nani alijenga, kwa fedha gani, na nani alifanya kazi. Orodha ziletwe kwa Bwana Katibu kabla ya mkutano mkuu ujao. Haihitaji pauni milioni. Yahitaji daftari, kalamu na mtu mwaminifu. Vitu hivyo, kama Chama chetu hakinavyo, basi hakuna chama chenye navyo.